Fomu ya kongamano inanitaka nikiri kwamba dunia ina miaka 6,000. Je, nisaini?

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari, na kwa miaka saba sasa nimekuwa nikiwafundisha Biblia vijana wa kanisa letu. Niliokoka nikiwa msichana, na sijawahi kuona haya kulisema hilo mbele ya walimu wenzangu. Jambo ninalokuandikia halihusu imani yangu kwa Mungu Muumba, kwa maana hiyo haijatikisika. Linahusu hesabu ya miaka.

Mwezi ujao kutakuwa na kongamano la Kikristo la siku tatu kuhusu uumbaji na umri wa dunia. Mchungaji wangu, ambaye ndiye aliyenibatiza na kunifungisha ndoa, amenichagua niwaongoze vijana 14 watakaohudhuria. Ameniomba pia kwamba nitakaporudi nisimame ibadani na kuwaeleza washirika, mimi niliye mwalimu wa somo lenyewe, kwamba sayansi ya kweli inathibitisha kuwa dunia ina umri wa miaka 6,000. Fomu ya kujiandikisha ina aya ya ukiri wa imani ambayo kila mhudhuriaji hutakiwa kuitia saini. Sehemu yake kubwa naikubali kwa moyo wote, lakini sentensi ya mwisho inasema kwamba mwenye kusaini anaamini dunia na vyote vilivyomo viliumbwa kwa siku sita za saa 24, yapata miaka 6,000 iliyopita, na kwamba fundisho lingine lolote ni kulikana Neno la Mungu.

Darasani mimi hufundisha kwamba dunia ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 4.5, wala sifundishi hivyo kwa kuwa mtaala unaniamuru tu. Nimeusoma ushahidi na ninauamini. Mume wangu ananiambia nisaini yaishe, maana karatasi ni karatasi. Rafiki yangu anayefundisha fizikia, ambaye hasali popote, ananisihi nisikanyage kabisa, kwa sababu eti kuhudhuria ni kuwapa heshima wasiyostahili. Nami nikiri kosa langu: nilipoisoma orodha ya mada za kongamano nilicheka peke yangu, kisha nikajisikia vibaya.

Kinachoninyima usingizi hasa ni kijana mmoja wa miaka 17, mwenye bidii kuliko wote katika kundi langu, ambaye anataka kusomea jiolojia chuo kikuu. Baada ya kusikia tangazo la kongamano alinifuata akaniuliza, "Mwalimu, nikisoma jiolojia nitaupoteza wokovu?" Nilimwambia tutazungumza baadaye. Hadi leo hatujazungumza.

Je, nisaini? Niende? Na nikienda, nitasema nini nikisimama mbele ya kanisa?

Mwalimu wa Jiografia

*

Mwalimu mpendwa,

Usisaini. Natanguliza jibu hilo kwa sababu mengine yote unayoyauliza yana nafasi ya kujadiliwa, lakini hili halina. Mumeo anasema karatasi ni karatasi, ila aliyeiandika fomu hiyo haamini hivyo, na wewe mwenyewe huamini hivyo, ndiyo maana umekosa usingizi. Ukiri wa imani si risiti. Mtu akiungama kwa maandishi jambo asiloliamini ili apate kiti ukumbini, amesema uongo mbele ya ndugu zake katika imani, na sidhani kama kuna mnenaji yeyote wa kongamano hilo atakayenipinga kwa hilo.

Kuna jambo ambalo hukuligusa katika barua yako, nami limenitia wasiwasi kuliko saini yako. Unasema kila mhudhuriaji hutakiwa kusaini. Basi vijana wako 14 nao watawekewa kalamu mkononi, wengine pengine hawajafikisha hata miaka 18, nao watatamka kwamba asiyekubali hesabu ile ya miaka amelikana Neno la Mungu. Kijana atasaini kwa kuwa wenzake wamesaini na kwa kuwa mwalimu wake yuko mbele ya foleni. Miaka mitatu baadaye atakaa katika ukumbi wa mihadhara, ataonyeshwa ushahidi ambao hawezi kuukanusha, kisha ataikumbuka saini yake na kudhani kwamba, kwa maneno yake mwenyewe, amekwisha kumkana Mungu. Wako waliomwacha Kristo kwa mlango huo huo, ilhali hakuna aliyewapokonya chochote isipokuwa tarakimu.

Kwa hiyo wapigie simu waandaaji, uwaulize kwa adabu kama wewe na vijana wako mnaweza kuhudhuria mkiwa wasikilizaji, bila kutia saini sentensi ya mwisho. Haitakuwa ajabu wakikubali, kwa maana anayeitisha mkutano ili awashawishi watu hana faida ya kuwafungia mlango wale ambao bado hawajashawishika. Wakikataa, utakuwa umepata jibu la swali lako la pili bila kulipigania, na utamweleza Mchungaji hivyo hivyo ilivyokuwa.

Wakikubali, nenda. Hapo ninaachana na rafiki yako wa fizikia. Kumsikiliza mtu kwa siku tatu si kumvisha taji, tena wewe una deni la kicheko ulichokicheka. Nakuomba ulilipe kwa kutafuta, ukiwa umekaa pale, kitu ambacho watu hawa wanakiogopa kweli. Utakuta kwamba kiini cha hofu yao si miamba. Wanasoma Warumi 5:12, kwamba dhambi iliingia ulimwenguni kwa mtu mmoja, na kwa dhambi hiyo mauti. Kisha wanauliza: ikiwa wanyama walikuwa wakifa na kuliwa kwa mamilioni ya miaka kabla ya Adamu, mauti ni adhabu ya nini, na msalaba ulikuja kuponya kitu gani? Hilo ni swali zito la kiteolojia. Wako wanaolijibu kwa kusema kwamba Paulo anazungumzia mauti ya mwanadamu, wala si ya kila kiumbe, na jibu hilo nami naliona lina nguvu. Lakini anayeuliza si mjinga, na hastahili kuchekwa.

Sasa tuitazame sentensi yenyewe. Tarakimu ya miaka 6,000 haimo katika mstari wowote wa Biblia. Imetokana na kujumlisha miaka ya nasaba, hasa zile za Mwanzo sura ya 5 na ya 11, na kuziunganisha na tarehe za wafalme. Mjumlishaji mashuhuri kuliko wote ni James Ussher, Askofu Mkuu wa Armagh huko Ireland, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1650 alifikia Oktoba 23 ya mwaka 4004 kabla ya Kristo. Alikuwa msomi mkubwa, na wanaomdhihaki leo mara nyingi hawajui hata nusu ya lugha alizozisoma. Hata hivyo, kalenda ya Kiyahudi, inayoyahesabu Maandiko hayo hayo ya Kiebrania, huanzia mwaka 3761 kabla ya Kristo, na Wakristo wa Byzantium, milki ya Kirumi ya mashariki, waliotumia tafsiri ya Kigiriki ambamo mababu hao wana umri mkubwa zaidi wanapozaa, walianzia mwaka 5509. Tofauti kati ya hizo mbili ni zaidi ya miaka 1,700, na wote walikuwa wakijumlisha kwa uchaji.

Siku za saa 24 nazo hazikuanza kutiliwa shaka na Darwin. Origen, mwalimu wa kanisa wa karne ya tatu, aliuliza ni mtu gani mwenye akili atakayedhani kwamba siku ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikuwa na jioni na asubuhi bila jua, ikiwa jua limetajwa siku ya nne. Augustino, askofu wa Afrika Kaskazini, aliona kwamba Mungu aliumba vyote kwa pamoja, na kwamba siku sita ni mpangilio wa kutufundisha sisi. Lakini tusimwazime Augustino kwa hila: yeye huyo huyo aliandika kwamba tangu mwanadamu aumbwe miaka 6,000 haijatimia. Yaani angekubaliana na waandaaji wako juu ya miaka na kukataa siku, na fomu yao, jinsi ilivyoandikwa, ingemhesabu miongoni mwa waliolikana Neno. Ningependa kumsikia mnenaji mmoja akilieleza hilo.

Hata katika makanisa ya kiinjili yaliyoshika sana Maandiko, msimamo wa fomu hiyo haukuwa kipimo cha uaminifu kwa muda mrefu. Thomas Chalmers, mhubiri wa Uskoti, alifundisha tangu mwaka 1814 kwamba kati ya mstari wa kwanza na wa pili wa Mwanzo kuna pengo la muda usiojulikana, na maelezo ya Biblia ya Scofield ya mwaka 1909 yalilieneza wazo hilo kwa mamilioni ya wasomaji. Wazo kwamba gharika ya Nuhu ndiyo iliyoyaweka matabaka yote ya miamba na visukuku lilitetewa mwanzoni mwa karne ya 20 na George McCready Price, Msabato, kisha likaenea miongoni mwa makanisa mengine baada ya John Whitcomb na Henry Morris kutoa kitabu chao kuhusu gharika mwaka 1961. Wazee wetu wengi wanaodhani wamelirithi fundisho hilo kutoka kwa mitume, wamelirithi katika umbo lake la sasa kutoka kwa kitabu ambacho ni rika lao.

Upande wa miamba unaufahamu kuliko mimi, kwa hiyo nitaandika machache kwa ajili ya wasomaji wengine. Mwaka 1956 Clair Patterson, kwa kupima metali ya risasi iliyomo katika vimondo, alipata umri wa miaka bilioni 4.55. Vipimo vya baadaye, vilivyofanywa kwa vifaa bora zaidi, vimeisogeza tarakimu hiyo kidogo sana: leo husemwa miaka bilioni 4.54, kwa kosa linaloweza kufikia takriban asilimia moja. Nguvu ya njia hii ni kwamba urani, metali yenye mionzi inayogeuka polepole kuwa risasi, ina saa mbili ndani yake. Urani-238 hupungua nusu katika miaka bilioni 4.47 na kuishia kuwa risasi ya aina moja. Urani-235 hupungua nusu katika miaka milioni 704 na kuishia kuwa risasi ya aina nyingine. Saa mbili zenye mwendo tofauti kiasi hicho zikisoma umri mmoja ndani ya punje moja ya madini, ni vigumu kusema kwamba zote zimeharibika kwa namna inayolingana.

Ukumbini utasikia hoja dhidi ya haya, na ninakushauri uzisikilize ukiwa na daftari. Kuna uwezekano mkubwa utasikia kuhusu mlima St. Helens wa Marekani, ambao ulilipuka mwaka 1980: mwamba uliotokea katika kuba lake la lava mwaka 1986 ulipimwa kwa njia ya potasiamu na argoni (potasiamu ya mionzi hugeuka polepole kuwa gesi ya argoni), ukapewa umri wa miaka 350,000 hivi. Kipimo hicho kilifanyika kweli. Wanajiolojia hujibu kwamba lava ilipanda na fuwele za zamani zilizokwisha kuwa na argoni ndani yake, na kwamba njia inayotegemea potasiamu-40, ambayo hupungua nusu katika miaka bilioni 1.25, haifai kwa jiwe la miaka kumi. Ni sawa na kupima unyoya kwa mizani ya magunia. Utasikia pia kuhusu kaboni-14, inayotumika kupima umri wa mabaki ya viumbe. Hiyo hupungua nusu katika miaka 5,730 na haifiki mbali kupita miaka 50,000, kwa hiyo hakuna mwanajiolojia aliyeitumia kupata bilioni yoyote. Anayeishambulia kaboni ili aiangushe tarakimu ya Patterson anabomoa ukuta wa nyumba ya jirani. Na ukisikia habari za tishu laini zilizopatikana mwaka 2005 katika mfupa wa dinosauri aina ya Tyrannosaurus, kumbuka kwamba mgunduzi wake, Mary Schweitzer, ni Mkristo, na amepinga waziwazi ugunduzi wake kutumiwa kuonyesha kwamba dunia ni changa.

Kipindi cha maswali kikifika, uliza swali moja tu, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua. Mimi ningeuliza kuhusu mradi wa RATE. Watafiti walioamini dunia changa, chini ya Institute for Creation Research na Creation Research Society, waliichunguza mionzi ya miamba kati ya mwaka 1997 na 2005. Walikiri wenyewe kwamba miamba inaonyesha kupungua kwa madini ya mionzi kunakolingana na zaidi ya miaka milioni 500 kwa kasi ya leo, wakapendekeza kwamba zamani kasi hiyo iliongezwa mno, kisha wakakiri kwamba joto ambalo lingetokana na kasi hiyo ni tatizo ambalo hawajalitatua. Muulize mnenaji tatizo hilo limefikia wapi. Ni swali la haki, kwa kuwa limetoka nyumbani kwao.

Nimefika kwa Mchungaji, na hapa ndipo ninapoona una kazi ngumu. Mwone kabla ya kongamano, si baada yake, tena faraghani, si mlangoni mwa kanisa watu wakiwa wanasalimiana. Ukinyamaza sasa kisha ukampinga madhabahuni mbele ya washirika, utakuwa umemwaibisha mzee aliyekulea, na hakuna atakayekumbuka kama hoja zako zilikuwa sahihi. Anza na mambo mnayokubaliana, ambayo ni mengi: kwamba Mungu ndiye Muumba, kwamba ulimwengu si wa bahati nasibu, kwamba mbingu zauhubiri utukufu wake kama Zaburi ya 19 inavyosema. Kisha mwambie waziwazi kwamba huwezi kusimama na kusema sayansi imethibitisha miaka 6,000, kwa sababu haijathibitisha, na kwamba ameuomba ushuhuda huo kwako kwa sababu wewe ni mwalimu wa somo hilo, kwa hiyo uongo wako ungekuwa na uzito maradufu.

Yumkini akakuuliza, "Kwa hiyo unanitaka niache kuamini?" Mjibu kwamba hapana. Mweleze habari za Kurt Wise, aliyepata shahada ya udaktari wa jiolojia katika chuo kikuu cha Harvard na ambaye anaamini dunia changa. Wise aliandika kwamba hata kama ushahidi wote wa ulimwengu ungegeuka dhidi ya msimamo wake, yeye angeukiri ushahidi huo na bado angebaki na msimamo, kwa kuwa ndivyo anavyolisoma Neno la Mungu. Mimi sikubaliani naye, lakini namheshimu, kwa sababu ameiita imani yake imani. Mchungaji wako anaweza kusimama juu ya mwamba huo huo na kusema, "Ninaamini hivi kwa sababu ya Maandiko ninavyoyasoma." Kinachokutatiza wewe ni kwamba anataka aseme, "Ninaamini hivi kwa sababu maabara imesema," na anataka wewe ndiye uwe maabara.

Mpe kitu unachoweza kukifanya. Unaweza kusimama ibadani na kusimulia kwa uaminifu yaliyosemwa kongamanoni, ukiwatendea haki wanenaji, na kueleza ni wapi Wakristo wamchao Mungu wanatofautiana. Akilikubali hilo, umshukuru. Akimpa kazi hiyo mtu mwingine, usinung'unike wala usiunde kundi la manung'uniko. Ni haki yake. Na akiamua kukuondoa katika uongozi wa vijana, itauma, nami sitakudanganya kwamba haliwezekani. Hapo wazazi wa vijana wana haki ya kujua, kwa kinywa chako na kwa upole, kilichoandikwa katika fomu ambayo watoto wao wataitia saini. Kwa kweli wana haki hiyo hata usipoondolewa, kwa hiyo wapelekee nakala wiki hii.

Nimemwacha kijana wako mwisho, ingawa yeye ndiye ningeanza naye kama ningekuwa wewe. Alikuuliza kuhusu wokovu wake nawe ukamwambia baadaye. Kwa mtoto wa miaka 17, ukimya wa mwalimu anayemwamini ni jibu, na pengine amekwisha kulitafsiri vibaya. Mtafute kabla hujampigia simu mwandaaji yeyote. Mwambie hapana, hataupoteza. Mweleze kwamba mtu aliyetufundisha kuyasoma matabaka ya miamba, kwamba la chini hutangulia na la juu hufuata, ni Nicolas Steno, aliyeandika hayo mwaka 1669, akapewa upadri mwaka 1675 na kuwa askofu miaka miwili baadaye. Mweleze habari za Adam Sedgwick, kasisi wa Kianglikana na profesa wa jiolojia huko Cambridge, ambaye mwaka 1831 alisimama mbele ya wanajiolojia wenzake na kuikana hadharani hoja yake ya awali kwamba changarawe alizozichunguza ziliachwa na gharika moja iliyoifunika dunia yote. Aliendelea kuwa kasisi hadi alipofariki mwaka 1873.

Baada ya hapo mwache aulize. Nadhani atakuuliza kama wewe utasaini, na ni vema uwe umekwisha kuamua.

Mshauri wako